Kupanga na Kugawana Zana za Kufundishia Kidijitali katika Chuo cha Afya: Mwongozo Kamili

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilibadilisha dozi ya sindano ya artesuneti kwa watoto wenye malaria kali. Mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 alipandishiwa hadi miligramu 3 kwa kila kilo, kwa kuwa kwa dozi ya awali kiwango cha dawa kwenye damu ya watoto wadogo kilikuwa chini kuliko cha wakubwa. Watoto wakubwa na watu wazima walibaki kwenye miligramu 2.4. Kwa mtoto wa kilo 10, tunazungumzia miligramu 24 za zamani na miligramu 30 za sasa.

Slaidi zilizoandaliwa kabla ya hapo zinasema 2.4 kwa wote, na hakuna kinachozizuia kuendelea kuzunguka. Zinakaa kwenye flashi, kwenye kompyuta mpakato za wakufunzi, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye madesa yanayodurufiwa steshenari nje ya geti la chuo. Mwanafunzi anayezisoma leo hana njia ya kujua kwamba zimepitwa na wakati, kwa sababu hazina tarehe wala jina la aliyeziandaa.

Kwa hiyo kupanga zana za kufundishia katika chuo cha afya ni kazi ya usalama wa mgonjwa, na ndivyo ninavyoichukulia katika mwongozo huu wote. Kwa kila mada mwanafunzi apate faili moja lililo sahihi, lenye tarehe na lenye mwenyewe. Teknolojia utakayotumia inakuja baadaye. Ninawaandikia hasa wakufunzi wa vyuo vya kati vya afya Tanzania, wale wenye maabara ya kompyuta iliyochoka, intaneti inayokatika na wanafunzi wanaohesabu bando. Aliyeko Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ngazi za masomo na ya mamlaka. Kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Kusanya kilichopo kabla ya kununua chochote

Vyuo vingi huanzia mwisho. Inanunuliwa seva, inafungwa, picha zinapigwa, kisha inakaa na folda tupu kwa sababu hakuna aliyejua nini kitawekwa humo. Anza na vilivyopo mikononi mwa watu.

Tangaza kipindi cha makusanyo, tuseme wiki mbili. Kila mkufunzi alete slaidi, nukuu za somo, orodha hakiki za stadi, maelekezo ya mazoezi ya wodini, video na picha. Usiwasahau CR, yaani wawakilishi wa madarasa. Mara nyingi wao wana mkusanyiko mkubwa kuliko ofisi ya taaluma, kwa sababu kila kilichofundishwa kimepitia kwenye simu zao. Pita pia steshenari ya jirani, umwombe mwenye nayo kwa heshima akuonyeshe madesa yanayotoka zaidi. Hapo ndipo utakapojua wanafunzi wako wanasoma nini hasa usiku wa kuamkia mtihani.

Kila faili liingie kwenye jedwali la Excel, mstari mmoja kwa faili moja: moduli, mada, aliyeandaa, mwaka, miongozo iliyotumika, kama kuna picha ya mgonjwa, na hali yake. Kwenye safu ya hali tumia maneno matatu tu: «litumike», «lirekebishwe», «ghala». Ukiongeza la nne, kila mtu atalielewa kivyake.

Usifute kitu katika hatua hii. Faili lililopitwa na wakati huenda lina mchoro mzuri wa mzunguko wa damu aliouchora mkufunzi aliyestaafu, nao unafaa kuhamishiwa kwenye somo jipya. Lipeleke kwenye folda iitwayo GHALA-USITUMIE, ambayo wanafunzi hawaioni.

Hatua ya 2: Folda zifuate mtaala, zisifuate watu

Ukifungua kompyuta ya idara nyingi utakuta folda zenye majina ya wakufunzi. Mpangilio huo unafanya kazi mpaka siku mmoja wao apate uhamisho au aende masomoni. Anayempokea anakuta folda yenye jina la mtu, hajui ndani kuna nini, anaamua kuandaa upya kila kitu.

Mtaala unakaa muda mrefu kuliko watu. Kwa vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, mpangilio upo tayari: ngazi ya NTA (ngazi za tuzo za ufundi), muhula, moduli, kipindi. Stashahada ya utabibu, kwa mfano, inapanda NTA 4, 5 hadi 6. Fuata ngazi hizohizo:

UTABIBU
– NTA5
– – Muhula-1
– – – Afya-ya-Watoto
– – – – 01-Slaidi
– – – – 02-Nukuu
– – – – 03-Stadi-na-orodha-hakiki
– – – – 04-Visa-vya-wagonjwa
– – – – 05-Picha-na-video
– – – – 06-Maswali-ya-kujipima

Majina ya folda za chini yawe yaleyale katika kila moduli. Mwanafunzi akizoea kwamba orodha hakiki ziko kwenye 03, ataziona kwenye moduli ya upasuaji bila kuuliza. Na usishuke chini zaidi ya hapo, kwani folda ndani ya folda ndani ya folda huchosha vidole, hasa kwenye simu.

Mitihani halisi, vituo vya OSCE (mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo) na miongozo ya usahihishaji visikae kabisa ndani ya mti huu, hata kwenye folda iliyofungwa. Viwekwe kwenye akaunti nyingine na wasimamizi wengine. Linki moja ikifunguliwa kimakosa, mtihani wa mwaka mzima umekwisha.

Nashauri pia kila moduli ya kitabibu iwe na mazungumzo ya Kiswahili ya kumhoji mgonjwa na kumpa ushauri nasaha. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, lakini wodini mwanafunzi atamwuliza bibi wa watu kama anapata haja vizuri, na hilo linahitaji mazoezi yake.

Hatua ya 3: Jina la faili na ukurasa wa kwanza

Jina zuri la faili linajibu maswali manne kabla halijafunguliwa: ni la ngazi gani, moduli gani, mada gani, toleo la lini. Mfano:

NTA5_Watoto_07_Malaria-kali_2025-02.pdf

Tarehe ianze na mwaka, ufuatiwe na mwezi. Ukiandika hivyo kompyuta inayapanga mafaili yenyewe kutoka la zamani hadi jipya. Usiache nafasi tupu kati ya maneno, tumia kistari. Na pigeni marufuku neno «mwisho» kwenye majina ya mafaili, kwa sababu likishaingia litafuatiwa na «mwisho kabisa» na «mwisho mpya», kisha hakuna ajuaye lipi ndilo.

Lakini jina pekee halitoshi, maana faili likishafika kwenye simu ya mtu linaweza kubadilishwa jina. Kwa hiyo taarifa muhimu ziwe ndani. Slaidi ya kwanza, au kichwa cha ukurasa wa kwanza, iwe na vitu hivi: mada, cheo cha mkufunzi anayehusika, mwongozo uliotumika pamoja na mwaka wake, tarehe ya mapitio ya mwisho, na tarehe ya mapitio yajayo. Kwa somo lenye dozi, rudia tarehe kwenye kijachini cha kila slaidi. Mwanafunzi anapiga picha slaidi moja tu, ile yenye dozi, na ndiyo itakayosambaa. Tarehe isafiri nayo.

Hatua ya 4: Picha za wagonjwa

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo vyuo vyetu vinapolegea zaidi, na anayeumia ni mtu aliyekuja kwetu kutafuta msaada.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mama aliyelala kitandani hakukubali kidonda chake kiwe slaidi.

Ridhaa ya matibabu na ridhaa ya picha ni vitu viwili. Kutia saini fomu ya upasuaji hakumruhusu mtu yeyote kutoa simu. Ridhaa ya picha ya kufundishia iombwe peke yake, kwa lugha anayoielewa mgonjwa, na ikiwezekana na mtu ambaye si daktari anayemtibu, ili mgonjwa asijione amebanwa. Maneno yawe mepesi:

«Shikamoo mama. Tunaomba kupiga picha ya kidonda hiki cha mguuni ili wanafunzi wetu wajifunze kukitambua. Uso wako hautaonekana na jina lako halitaandikwa. Picha itakaa kwenye mfumo wa chuo. Ukikataa, matibabu yako yanaendelea vilevile, na ukikubali leo ukabadili mawazo kesho, tuambie tuiondoe.»

Fomu iliyosainiwa ipewe namba, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye jedwali lako la Excel pembeni ya faili la picha. Fomu yenyewe ibaki hospitalini au kwenye kabati la chuo lenye kufuli, isiskaniwe na kuwekwa folda moja na picha. Picha isiyo na namba ya ridhaa isitumike. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, lakini mtoto aliyefikia umri wa kuelewa aulizwe naye.

Kisha kuna mambo ya kiufundi ambayo wengi hawayajui.

La kwanza ni kukata picha ndani ya PowerPoint. Unaingiza picha inayoonyesha kidonda na uso, unaikata ubakize kidonda, unaona kazi imekwisha. Haijakwisha. Ile sehemu uliyoikata bado imo ndani ya faili. Mtu yeyote akibofya zana ya kukata anaurudisha uso mzima. Ama kata picha kwenye programu ya picha kabla ya kuiingiza, ama bofya picha, nenda kwenye sehemu ya kubana picha, na uhakikishe umeweka alama kwenye chaguo la kufuta maeneo yaliyokatwa. Baada ya hapo jaribu mwenyewe kuirudisha. Ikigoma kurudi, umemaliza.

La pili ni taarifa zilizojificha ndani ya picha. Simu huandika kwenye picha tarehe, saa na mara nyingi mahali ilipopigwa. Kwenye Windows bofya picha kwa kitufe cha kulia, fungua sehemu ya sifa zake, kisha maelezo, na utaona kiungo cha kuondoa taarifa binafsi. Fanya hivyo kwa kila picha kabla haijaingia kwenye mti wa folda.

La tatu, picha za eksirei, CT na ultrasaundi. Faili la DICOM, yaani muundo ambao mashine hizo huhifadhia picha, lina jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili ndani yake, na kwenye ultrasaundi mara nyingi jina limechomwa juu ya picha yenyewe, pale kwenye kona. Kulifunika kwa kisanduku cheusi ndani ya PowerPoint hakusaidii, kwa sababu kisanduku kinasogezwa. Kata kona hiyo kwenye programu ya picha, hifadhi kama PNG au JPEG, ndipo uingize.

La nne, mstari mweusi juu ya macho. Tumeuzoea kutoka kwenye vitabu vya zamani, lakini Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inasema wazi kwamba kuziba macho hakutoshi kumficha mtu. Nasi tunalijua hilo: katika wilaya yenye hospitali moja, mtu atatambuliwa kwa kovu, kwa chale, kwa khanga aliyojifunga. Ugonjwa ukiwa wa nadra, hata maelezo ya «mwanamke wa miaka 34 kutoka kijiji fulani» yanatosha. Andika «mwanamke mtu mzima» na uache kijiji.

Mahali ambapo picha ya mgonjwa wako si lazima, usiitumie. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani (CDC) kina maktaba ya picha za afya ya jamii iitwayo PHIL, na kurasa za DPDx zenye picha safi za vimelea: malaria, kichocho, minyoo. Nyingi ziko huru kutumiwa na mtu yeyote, ila soma maelezo yaliyo chini ya kila picha, kwani chache zina mwenyewe. Kwa ngozi, ambako picha nyingi za kigeni zinaonyesha ngozi nyeupe, picha zetu wenyewe zina thamani kubwa sana, na ndiyo sababu ridhaa inastahili kufanywa vizuri.

Hatua ya 5: Kazi za watu wengine

Kitabu kilichoskaniwa chote kisiwekwe kwenye mfumo wa chuo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na chuo kikishaweka kitabu hicho kwenye seva yake, chuo ndicho kinachojibu.

Njia halali zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hinari, iliyoanzishwa na WHO pamoja na wachapishaji mwaka 2002 na sasa ikiwa ndani ya Research4Life, inavipa vyuo na hospitali za nchi kama Tanzania majarida na vitabu vya tiba. Anayejisajili ni taasisi, si mtu mmoja. Mkutubi ndiye aulizwe kwanza, huenda nywila ipo na haijatumika. Kitabu cha anatomia na fiziolojia cha OpenStax kina leseni ya CC BY, maana yake unaweza kukikata, kukibadili na kukigawa ilimradi umtaje mwenyewe. Machapisho mengi ya WHO ya miaka ya karibuni yana CC BY-NC-SA 3.0 IGO: taja chanzo, usiuze, na utakachotengeneza kutokana nayo ukitoe kwa masharti yaleyale. Kumbuka hapo kwamba desa lililotokana na chapisho kama hilo halipaswi kuuzwa kwa faida.

Zana zenu wenyewe nazo zipeni leseni. Mstari mmoja chini ya slaidi ya kwanza unatosha kumwambia mkufunzi wa Songea au Kigoma kwamba anaruhusiwa kuitumia kazi yenu na kuiboresha.

Hatua ya 6: Punguza uzito wa mafaili

Slaidi 40 zenye picha 15 zilizotoka moja kwa moja kwenye simu zinafika megabaiti 60 bila shida. Kwa mwanafunzi hiyo ni pesa ya chakula. Kwenye PowerPoint, bana picha zote kwa kiwango cha ppi 150, kisha toa nakala ya PDF. Mara nyingi faili lilelile linashuka chini ya megabaiti 5, na kwenye skrini ya simu hutaona tofauti. Wanafunzi wapewe PDF. Faili la PowerPoint linaloweza kuhaririwa libaki kwa wakufunzi.

Video za stadi zibanwe kwa HandBrake, programu huria isiyolipiwa. Kwa maelezo ya mdomo, 480p inatosha. Kwa kushona jeraha au kutafuta mshipa weka 720p, maana vidole lazima vionekane. Kata video ndefu iwe vipande vya dakika tano hivi, kila kimoja na stadi yake.

Kuna jambo moja la kutobana: darubini na eksirei. Pete changa ya plasmodiamu, kimelea cha malaria, ndani ya chembe nyekundu ya damu ni kitu kidogo mno. Ukituma picha hiyo WhatsApp kama picha ya kawaida, programu inaipunguza, na mwanafunzi anabaki na doa la zambarau. Ukilazimika kuituma humo, itume kama dokumenti, ifike jinsi ilivyo. Vivyo hivyo mstari mwembamba wa mapafu kwenye eksirei ya mgonjwa mwenye hewa kifuani. Lakini kwa sababu dokumenti husafiri na taarifa zake zote zilizojificha, hatua ya 4 iwe imeshafanyika.

Hatua ya 7: Chagua mahali pa kuweka

Chuo kinahitaji sehemu tatu, kila moja na kazi yake.

Ya kwanza ni *hifadhi mama*, ambako mafaili ya kuhaririwa yanakaa. Google Drive inafaa kuanzia, na akaunti ya bure ina gigabaiti 15. Sharti ni kwamba akaunti iwe ya chuo, kwa barua pepe ya ofisi, na nywila yake ijulikane na watu wawili wenye dhamana. Hifadhi iliyo kwenye barua pepe binafsi ya mkufunzi itaondoka naye. Wakufunzi wa moduli wapewe haki ya kuhariri moduli zao tu. Wengine wote watazame.

Ya pili ni *mlango wa wanafunzi*. Kama chuo kina mtu wa TEHAMA, weka Moodle. Ni programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002, haina ada ya leseni, na ina programu ya simu inayomruhusu mwanafunzi kupakua somo akiwa na Wi-Fi na kulisoma baadaye bila mtandao. Kama hakuna mtu wa TEHAMA, usilazimishe. Moodle isiyosasishwa inadukuliwa, na mfumo uliodukuliwa unawavunja watu moyo kuliko kutokuwa na mfumo. Linki za kutazama tu za Google Drive, zilizopangwa vizuri kwenye ukurasa mmoja, zinafanya kazi hiyo.

Ya tatu ni *kituo kisichohitaji intaneti*, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Chukua kompyuta ya mezani ya zamani, au Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja), iunganishe na ruta ya Wi-Fi ya kawaida. Sakinisha Kolibri, ambayo imetengenezwa mahsusi kwa shule zisizo na mtandao, na Kiwix, ambayo inaweza kubeba ensaiklopidia ya tiba ya Wikipedia nzima ndani ya faili moja. Mwanafunzi anaunganisha simu yake na Wi-Fi hiyo, anafungua anwani uliyobandika ukutani, anapakua somo bila kutumia hata kilobaiti moja ya bando lake. Kiweke maktaba, na kingine mahali wanafunzi wanapokaa wakiwa mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali ya wilaya. Kila Ijumaa mtu mmoja asasishe vituo kutoka hifadhi mama. Umeme ukiwa wa kukatika, UPS ndogo (betri ya akiba ya kompyuta) italinda diski isiharibike.

WhatsApp itumike kwa matangazo na linki. Faili likitumwa humo linakuwa nakala isiyorekebishika: kila simu ina lake, na hakuna atakayeyakusanya. Linki inabaki moja, na nyuma yake unaweza kubadilisha faili wakati wowote.

Flashi hatutaiondoa, ukweli ndio huo. Iwepo moja ya chuo kwa kila idara, ikaguliwe virusi kabla ya kuchomekwa, na ibebe PDF pekee. Virusi vinavyogeuza folda kuwa njia ya mkato bado vinasumbua maabara nyingi za kompyuta.

Hatua ya 8: Kila faili na mwenyewe

Mfumo wote huu utaoza ndani ya miaka miwili kama hakuna anayewajibika. Mkuu wa chuo aandike barua ya kuteua msimamizi kwa kila moduli, na kazi hiyo ihesabiwe kwenye mzigo wa kazi wa mkufunzi, isiwe ya kujitolea.

Mapitio yafanyike mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo ndefu, na papo hapo mwongozo mpya unapotoka. Vitu viwili vifuatiliwe kwa karibu: Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Dawa Muhimu wa Wizara ya Afya, na miongozo ya WHO.

Miongozo hiyo miwili inaweza kutofautiana kwa muda, na mwanafunzi asiachwe njia panda. Chukua uzazi. Patografu tuliyoizoea, yaani chati ya kufuatilia uchungu, inaanza kuchorwa njia ya uzazi ikiwa imefunguka sentimita 4. Mwaka 2020 WHO ilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, ambamo hatua ya uchungu hai inahesabiwa kuanzia sentimita 5. Hospitali moja inaweza kuwa bado na fomu ya zamani huku nyingine ikiwa na mpya. Somo liseme yote mawili waziwazi: fomu ipi iko wodini kwenu leo, ipi inakuja, na ipi itaulizwa kwenye mtihani. Kuonyesha mojawapo tu ni kumtuma mwanafunzi wodini akabishane na mkunga.

Unapobadilisha faili, usifute la zamani na kupakia jipya, kwa sababu linki zote zitakufa. Kwenye Google Drive bofya faili la PDF kwa kitufe cha kulia, tafuta sehemu ya kusimamia matoleo, pakia toleo jipya hapohapo. Linki inabaki ileile na kila aliyeihifadhi anafika kwenye faili jipya. Drive hufuta toleo la nyuma baada ya siku 30, kwa hiyo weka nakala yake GHALA kama unaihitaji. Kuwa makini na tarehe iliyo kwenye jina la faili: ibadilishe baada ya kupakia, linki haitaathirika.

Kisha tangaza. Ujumbe kwenye grupu uwe mfupi na ueleze nini kimebadilika, si tu kwamba kuna faili jipya:

«MAREKEBISHO – NTA5 Watoto, kipindi cha 07. Slaidi ya 14: dozi ya artesuneti kwa mtoto chini ya kilo 20 ni mg 3 kwa kilo. Aliyedurufu toleo la kabla ya Februari 2025 alichane. Linki ni ileile.»

Hatua ya 9: Nakala za akiba

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Hifadhi mama, diski ya nje inayofungiwa kwenye jengo la utawala, na kituo cha maktaba. Mara moja kwa muhula chagua mafaili matano ovyo, yarudishe kutoka kwenye diski, uyafungue. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa huwezi kuitegemea.

Hatua ya 10: Anza na moduli moja

Usifungue mfumo kwa chuo kizima. Chagua moduli moja yenye mkufunzi anayeipenda kazi hii na yenye dozi nyingi. Afya ya watoto au uzazi ni chaguo zuri. Ipitishe hatua zote tisa, uwape wanafunzi wa mwaka mmoja kwa muhula mmoja, uone wanakwama wapi.

Siku ya kwanza tenga saa moja ya darasa, wafungue linki wote kwa pamoja, wapakue PDF moja na kutafuta orodha hakiki moja. Utagundua wasio na simu janja. Hao wasiachwe: maktaba iwe na nakala zilizochapishwa zenye mhuri wa tarehe, na maabara ya kompyuta ifunguliwe jioni. Mpe mwenye steshenari nakala iliyogongwa mhuri, ukubaliane naye adurufu hiyo tu. Wengi wanakubali kwa moyo mweupe, kwa sababu hata wao hawapendi kusikia kwamba karatasi zao zina makosa.

Mwisho, weka njia ya kuripoti kosa. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kila PDF andika namba ya simu ya ofisi ya taaluma au linki ya fomu fupi yenye sehemu tatu: jina la faili, ukurasa, kosa lenyewe. Mwanafunzi aliyeko wodini akiona dozi ya kwenye slaidi haifanani na iliyobandikwa ukutani, amwulize kwanza muuguzi kiongozi, kisha aitume hapo. Msimamizi wa moduli ajibu ndani ya siku mbili za kazi, hata kama jibu ni kwamba slaidi iko sahihi, na aeleze kwa nini.